Jino Ndani ya Mnara wa Kaskazini

Orrin Skaggs aliiona ngome kabla hata hajamtazama vizuri mwenye nyumba. Ilikuwa juu ya meza ya jikoni, karibu na dirisha, na ndani yake mlijaa vitunguu.

Vitunguu, jamani! Ngome ya kuchezea ya Blackmere ya mwaka sabini na mbili, plastiki ya kijivu, minara minne, daraja la mbele linalopandishwa kwa uzi, na chini ya vitunguu askari wa plastiki wenye deraya wamelala chali, wamefunikwa maganda. Hapa Ohio kuna wanaume wazima, wenye wake, nyumba na bima ya maisha, ambao wangeliona jambo lile wangekaa kitako walie. Orrin hakulia. Orrin aliomba glasi ya pili ya maji.

Maji ndiyo ilikuwa kazi yake. Kila asubuhi alipanda pikapu yake nyekundu, akaingia barabara za mashambani nje ya Zanesville, akachagua nyumba iliyobanduka rangi lakini yenye maua yaliyotunzwa, maana hiyo ndiyo dalili ya mjane. Alifungua boneti, akabisha hodi, akasema injini imechemka. Nani atamnyima mtu maji? Mwenyeji akihangaika na bomba, macho ya Orrin yanatembea rafu kwa rafu. Kwa njia hiyo alikwisha kuondoka na saa za ukutani, wanasesere, na mara moja kinanda kizima, vyote kwa bei ya kutupa. Tusimwite mwizi, tafadhali. Mwizi haagi.

Mjane wa siku ile aliitwa Bibi Verna Hatch, kikongwe mwembamba mwenye sweta iliyofungwa vifungo mpaka kidevuni.

"Bibi," Orrin alisema kwa ile sauti yake ya kupaka siagi, "hicho kikapu chako cha vitunguu kinapendeza. Umekipata wapi?"

"Kikapu? Aa, hicho. Cha watoto. Kipo tu tangu mume wangu akiwa hai."

"Mke wangu angekipenda kweli." Mkewe alikuwa amemfukuza miaka minne iliyopita, lakini hilo halikumhusu Bibi Verna. "Nikupe dola ishirini?"

"Pesa za nini, mwanangu? Nikiwa nazo wajukuu wananusa. Shida yangu mimi ni usafiri. Kanisa liko maili sita, na mchungaji ananipitia akikumbuka." Bibi alisogeza pazia akachungulia nje. "Hilo gari lako linakwenda?"

"Linakwenda? Bibi, lile linaruka!"

"Si umesema limechemka?"

Orrin alikohoa. Katika miaka yote ya kuomba maji, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. "Limechemka kidogo tu," alisema. "Ni gari lenye moyo. Likikaa bila kazi linakasirika."

"Basi tubadilishane. Wewe chukua kikapu, mimi nichukue gari."

Mtu mwenye akili zake angecheka akaondoka. Pikapu ile ilikuwa duka la Orrin, ofisi yake, na tangu afukuzwe, chumba chake cha kulala. Lakini Blackmere yenye minara yote minne ilikuwa haijaonekana sokoni kwa miaka saba, na ya mwisho ilikwenda kwa dola elfu tisa. Hata pikapu mbili na nusu zisingefika. Angeuza ngome, angenunua gari lingine la maana, angepanga chumba chenye mlango na bafu, na asingeomba maji kwa mtu tena. Alimwonea bibi wa watu huruma kama sekunde mbili hivi, kisha akatia sahihi hati ya gari juu ya meza ile ile, harufu ya vitunguu ikimtoa machozi.

Bibi Verna alimpa lifti mpaka mjini. Kwa mtu aliyemwambia, wakiondoka, kwamba hajashika usukani miaka kumi, alirudi nyuma kwenye kile kichochoro chake bila hata kugeuza shingo. Orrin hakuliona hilo. Alikuwa ameipakata ngome mapajani na kuhesabu askari: kumi na mmoja, walitakiwa kumi na wawili. Alipoitikisa, kitu kilicheza ndani ya mnara wa kaskazini, tak tak tak.

Sasa hapa lazima niseme habari za Chama cha Ngome cha Bonde la Muskingum, ambacho hukutana kila Oktoba katika ukumbi wa chini wa kanisa, kati ya mashine ya kahawa na viti vya shule ya Jumapili. Wanachama arobaini, wote watu wazima, wote walikuwa na ngome ya plastiki utotoni, na wote walinyang'anywa na maisha. Mwenyekiti wao, Dakta Lowell Brubaker, daktari wa meno, ngome yake ilitolewa na mama yake uani ikauzwa na sufuria za zamani wakati yeye yuko chuoni. Anaisimulia habari hiyo kila mwaka. Mama yake alipofariki, Dakta alisimama kaburini macho makavu kabisa, lakini fika kwenye zile sufuria uone.

Watu hawa wana sheria moja: ngome haiuzwi bila kumbukumbu yake. Mwenye kuuza anaandika wiki mbili kabla, nani alimpa, Krismasi gani, bendera ilivunjwa na nani. Maandishi yanachapwa katika jarida la chama na kutumwa kwa kila anayelipia. Siku yenyewe muuzaji anasimama mbele na kuikumbuka ngome kwa mdomo wake. Hapo ndipo bei inapoanza. Ngome bila kumbukumbu inauzwa kama plastiki. Ngome yenye marehemu ndani yake haina kikomo.

Na sheria ya pili, ambayo haijaandikwa kwa sababu hakuna wa kuivunja: mnara haufunguliwi. Plastiki ya zamani ile ukiigusa vibaya imepasuka, na ikipasuka nusu ya bei imeondoka. Kitu kikicheza ndani, kiache kicheze.

Orrin aliiandika kumbukumbu yake katika chumba cha kufulia nguo, ambako alikuwa anajibanza tangu akose gari. Utotoni hakuwahi kuwa na ngome. Krismasi zake zote alipewa soksi. Kwa hiyo hakuwa na ukweli wowote wa kumsumbua. Alijipa mdogo wake aliyeitwa Dewey, mwenye miaka sita na moyo dhaifu. Akajipa nyumba ya ghorofa mbili huko Youngstown, na baba aliyefukuzwa kwenye kiwanda cha chuma, ambaye hata hivyo alifika Krismasi na ngome chini ya koti. Dewey anacheza kitandani juu ya blanketi. Dewey anatumbukiza jiwe dogo mnarani na kusema, "Usilitoe mpaka nipone." Dewey hakupona. Na askari wa kumi na mbili, yule anayekosekana? Alizikwa naye, mkononi.

Alipomaliza kuandika, Orrin alijipongeza kwa soda.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Kulikuwa na donati, kulikuwa na vile vidonge vya siagi ya karanga vilivyochovywa chokoleti ambavyo bila hivyo hakuna kikao Ohio, na ngome ya Blackmere ilikuwa peke yake juu ya kitambaa cheupe. Orrin alisimama akaikumbuka. Mungu alimpa kipaji yule bwana. Alipofika penye blanketi, safu ya mbele ilianza kutafuta leso. Alipofika penye jiwe, aliutikisa mnara taratibu, tak tak tak, na wakala wa bima kutoka Dayton akafunika uso kwa kofia. Alipofika mkononi mwa marehemu, hata mashine ya kahawa ilinyamaza.

"Elfu nane," Dakta Brubaker alisema.

"Tisa!" alijibu mtu wa Dayton ndani ya kofia.

Hapo mwanamke mmoja alisimama kule nyuma. Alikuwa na umri wa Orrin, miaka hamsini na kitu, skafu ya njano shingoni, donati mkononi iliyong'atwa mara moja tu.

"Orrin?" aliuliza. "Orrin wa ghorofa ya juu?"

Orrin alimtazama. Hakumjua hata kidogo, na angemjua vipi, wakati ghorofa yenyewe aliijenga kwenye chumba cha kufulia nguo?

"Ni mimi! Nadine! Nadine Fultz wa ghorofa ya chini! Si mimi ndiye niliyekuwa nakuja kumsomea Dewey vitabu?"

Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja.

Orrin alipiga hesabu haraka. Huyu mama ama ana wazimu, ama ni mmoja wa wale watu wanaopenda kuingia kwenye misiba isiyowahusu. Vyovyote iwavyo, shahidi ni shahidi. Ngome yenye marehemu ni elfu tisa. Ngome yenye marehemu na shahidi anayelia je? Mate yalimjaa mdomoni, na tamaa ikamsukuma mbele huku mikono imepanuliwa.

"Nadine! Mungu wangu, Nadine! Hujabadilika hata kidogo!"

"Na wewe bado una masikio yale yale!"

Wakakumbatiana, na arobaini wakapiga makofi.

"Kumi na moja!" Dakta Brubaker alipaza sauti, akipangusa miwani kwa tai.

"Kumi na moja na nusu!"

Nadine alimwachia Orrin. Aliisogelea meza akaigusa ngome kwa kidole kimoja. "Tumeitafuta sana," alisema. "Mama aliulizia mpaka akachoka. Nyinyi mlihama wiki moja baada ya mazishi, hamkuaga mtu, na ngome yetu ikaenda nanyi."

"Yenu?" Orrin alisema.

"Si baba yako aliiazima kwa baba yangu? Mlikuwa hamna kitu, Orrin, baba amefukuzwa kazi, umesema mwenyewe. Angeitoa wapi ngome ya bei ile? Baba yangu akasema, mpe mtoto mgonjwa acheze, akipona itarudi. Mimi ndiye niliyeishusha kwenye rafu yangu."

Mtu wa Dayton aliivua ile kofia usoni.

"Dada, nadhani umechanganya," Orrin alisema, akicheka kicheko chepesi. "Umri nao, unajua."

"Sijachanganya. Na hicho kilichomo mnarani si jiwe. Dewey alikwambia jiwe kwa sababu nilimwapisha. Ni jino langu. Lilitoka tukiwa tunacheza, akasema lazima hazina ilindwe, akalitia kwenye tundu la bendera. Halafu baba yangu akaja akaibandika bendera kwa gundi ya viatu."

Dakta Brubaker aliinama na kioo cha kukuzia. Aliitazama bendera ya mnara wa kaskazini kwa muda mrefu, jasho likimtoka.

"Ndugu wanachama," alisema, "gundi hii si ya kiwandani."

Mnaweza kufikiri mabunge ya dunia yamewahi kujadili mambo mazito. Mngesikia dakika ishirini zile! Bendera ing'olewe au ising'olewe? Mzee mmoja alisema afadhali wamkate mguu. Mwingine alilia waziwazi. Walipiga kura, ishirini na moja kwa kumi na tisa, na Dakta Brubaker akatoa koleo lake la kazini, akaegemeza kiwiko mezani, akaing'oa bendera kwa utulivu ambao wateja wake hawajawahi kuuona. Akaupindua ule mnara juu ya kitambaa cheupe.

Likatoka jino.

Dakta alilinyanyua kwenye mwanga. "La utotoni," alisema. "La mbele, juu, kushoto. Mtoto wa miaka sita, au saba."

Nadine alifungua mdomo akawaonyesha mahali lilipokuwa. Wanaume wazima walisogea kuchungulia, ingawa pengo lenyewe lilizibwa na jino lingine nusu karne iliyopita.

"Subirini!" Orrin alipiga kelele. "Hii ngome ni yangu! Nimeinunua kwa—"

Akaishia hapo.

"Umeinunua?" Dakta Brubaker aliuliza polepole. "Si ulisema baba yako aliileta Krismasi, chini ya koti?"

Orrin aliwatazama watu arobaini wenye macho mekundu. Neno moja tu lingemwokoa: hakuna Dewey. Hajawahi kuwepo. Lakini walikuwa wameshamzika, wale, na kumwambia mtu aliyelia kiasi kile kwamba amelilia hewa ni kutafuta kufa kanisani. Tena yeye mwenyewe, kwa mikono yake, alimkumbatia Nadine mbele ya mashahidi na kumwambia hajabadilika. Maji yalimfika shingoni, na safari hii hakuyaomba.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "baba alituambia kainunua."

"Pole," Nadine alisema, na machozi halisi yakamtoka. Niwe mkweli, kipaji kile Orrin hakukifikia. "Mtoto angejuaje? Simlaumu."

Dakta Brubaker alisimama wima akafunga kifungo cha koti. "Kumbukumbu iliyotangulia ndiyo yenye haki," alitangaza. "Ngome inarudi kwa mwenyewe. Bibi Fultz, nikupe elfu kumi na mbili sasa hivi."

"Haiuzwi, Dakta," Nadine alisema, akiikumbatia. "Kuna vitu vingine haviuzwi."

Wote arobaini walisimama. Hakuna aliyewahi kuwaambia neno tamu kama lile. Wakamfungulia mlango, wakambebea donati, na mtu wa Dayton akampa skafu yake ya sufu afungie minara isigongane. Kabla hajatoka, Nadine alimrudia Orrin, akamtia askari mmoja mkononi na kukifunga kiganja chake kidole kwa kidole.

"Shika," alisema. "Umkumbuke Dewey."

Orrin alikaa kwenye benchi la kituo cha basi, ng'ambo ya kanisa. Hakuwa na gari, hakuwa na ngome, na mfukoni alikuwa na vidonge vinne vya siagi ya karanga. Alikuwa bado anajiuliza yule mama alijuaje habari za jino, maana jarida anaweza kusoma yeyote, lakini jino? Ndipo pikapu nyekundu ilipopita mbele yake, pole pole, kiungwana.

Bibi Verna Hatch ndiye aliyekuwa kwenye usukani, mkono mmoja tu, sweta imefunguliwa. Nadine alikuwa pembeni yake, anamalizia donati. Ngome ya Blackmere ilikuwa kati yao, na vitunguu vilikwisha kurudishwa ndani. Bibi alimwona Orrin, akampungia kwa heshima zote za watu wa kanisani, akaingia barabara ya kwenda Columbus, kuliko na jikoni nyingine za kupanga.

Orrin aliinuka, akafungua mdomo apige kelele, akaufunga. Apige kelele gani? Polisi, nimemrubuni kikongwe akanirubuni? Akakaa tena. Alitaka kukasirika lakini akajikuta analia, mtu mzima, kituoni, mchana, kwikwi zinamtikisa mabega. Aliililia pikapu. Aliulilia ule mlango na bafu lake. Na aibu ya aibu zote, alimlilia Dewey pia, kwa sababu alikwisha kumzoea.

Basi lilisimama. Alishuka mzee mnene mwenye koti la mvua, jarida la Chama limekunjwa mkononi, akaanza kuvuka barabara mbio mbio kuelekea kanisani. Katikati alimwona Orrin na kile kilichokuwa mkononi mwake, akasimama. Alirudi pole pole.

"Mkutano umekwisha?"

"Umekwisha."

"Wewe ndiye Skaggs? Mwenye mnara unaocheza?"

"Ndimi."

"Ah, jamani. Niliposoma tu jarida nikajua. Nimetoka Indiana tangu asubuhi nikuwahi." Mzee alijitupa kwenye benchi, pumzi juu juu. "Ningewahi, kama ningekuwa na gari."

Orrin alimpa kidonge kimoja cha chokoleti, naye akakipokea.

"Lako lilikuwa gani?" Orrin aliuliza.

"Kubwa, la bluu. La kubebea vyombo. Mwenyewe nilijua bibi hana akili, anawekea ngome vitunguu." Mzee alitafuna taratibu. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akatoa askari wa plastiki mwenye deraya, upanga juu, akamsimamisha kwenye benchi kati yao.

Orrin alimtazama askari yule wa kumi na mbili.

"Huyu," alisema, "nilimzika."

"Najua, nimesoma. Pazuri sana pale." Mzee alivua kofia yake akaiweka magotini. "Pole kwa ndugu yako."

"Asante," Orrin alisema, na sauti ikamkatika kweli. "Wewe ulifiwa na nani?"

"Dada. Pauline. Kifua."

"Pole sana."

"Nishapoa," alisema mzee. "Mwanzo ndio mgumu."